Mwaka Niliomzoesha Paka Nyumba

Kabla sijamwona nilimsikia. Nilikuwa uani, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na kutoka ukumbini ikaja sauti ya kitu kinachoparura makuti makavu: kinaparura, kinanyamaza kama kinachosikiliza, kinaparura tena. Haikuwa sauti ya panya. Panya ana haraka. Huyu alikuwa na hasira iliyojua kusubiri. Niliiacha nazi, nikasimama kwenye kizingiti cha ukumbi, mikono yangu ikinuka tui, nikaliona pakacha limewekwa katikati ya sakafu, limeshonwa mdomo kwa kamba ya usumba, likitikisika peke yake. Bi Nuru alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha marehemu mumewe akilitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyemwita kwa kazi.

Sauti ile ilinirudia mwezi uliopita, katika ukumbi uleule, tulipokuwa tukimsomea khitma Bi Nuru. Nilikuwa nimepiga goti kwenye busati baina ya wanawake nisiowajua, moshi wa ubani ukituingia machoni, na Zuwena, binti wa marehemu, ambaye sasa ni bibi mwenye meno ya kuhesabika, aliniinamia sikioni. "Mama alikuwa akikutaja," aliniambia. "Akisema, yule mtoto wa Kengeja ndiye aliyemharibu paka wangu." Alicheka kidogo, nami nikacheka, kwa sababu msibani mtu huchekewa akacheka. Lakini sinia la pilau lilipoletwa sikuligusa. Nilinawa, nikajisingizia kichwa, nikatoka kukaa barazani. Bi Nuru aliishi miaka yote hii akiamini kwamba mimi ndimi niliyemharibu yule mnyama. Au hakuamini, na alisema hivyo kwa raha tu. Kwa Bi Nuru mambo mawili hayo yangeweza kukaa sahani moja.

Nieleze upesi nilivyofika katika nyumba ile, kisha nisirudie. Serikali mpya ilikuwa imegawa mashamba, na baba yangu alipata eka tatu za mikarafuu kule Kengeja, katika ardhi ambayo kabla ya Mapinduzi ilikuwa ya mume wa Bi Nuru. Mume alikufa. Bi Nuru alibaki na nyumba ya mawe hapa mjini Chake Chake na binti aliyeachika. Kwetu skuli iliishia madarasa ya chini, nami nilikuwa nataka kusoma mpaka mtihani wa mwisho, kwa uchu ambao hata leo siwezi kuueleza bila kuona haya. Baba akaenda kumwomba Bi Nuru anipokee, na akaahidi kwamba gari ya Kengeja ingemletea muhogo na ndizi muda wote nitakaokaa. Bi Nuru alikubali bila kufikiri. Mwaka ule mchele ulikuwa wa foleni, na mwanamke wa asili ya Kimanga, Mwarabu, akisimama kwenye foleni alitupiwa maneno. Mimi ningesimama badala yake. Kila mtu alipata alichokitaka, hivyo ndivyo nilivyodhani nikiwa na miaka kumi na mitano. Jina langu ni Riziki, lakini yeye aliniita Eka Tatu. "Eka Tatu, lete maji." "Eka Tatu, moto unazimika." Alilitamka bila ukali wowote, kama mtu anayesoma maandishi ya mlangoni.

Mchele ule wa foleni ndio uliomleta paka. Nilikuwa nikiamka kabla ya alfajiri kushika nafasi, nikirudi na kikapu chenye mchele wa kuhesabiwa kwa kibaba, tukiuweka stoo, chumba kidogo kisicho na dirisha nyuma ya jiko, na panya wakiuingilia. "Mchele wanakula wao," Zuwena alikuwa akisema, "sisi tunakula foleni." Mitego haikuwatosha. Basi Bi Nuru akamwagiza Faki, mchuuzi wa samaki aliyekuja na baiskeli yake kutoka Wesha, amletee paka wa dikoni, pale samaki wanaposhushwa na kunadiwa, maana paka wa mjini, alisema, wamezoea kuombaomba.

"Huyu ni mwizi, Bi," Faki alisema siku ile, akilegeza kamba ya pakacha. "Nakwambia kabisa usije ukanilaumu. Hata kunguru hunyang'anywa na huyu."

"Mwizi ndiye nimtakaye," alisema Bi Nuru. "Nyumba hii washaingia wengi bila kualikwa. Huyu angalau nimemwita mwenyewe." Na alipokuwa akisema hivyo hakumtazama Faki, alinitazama mimi.

Paka alitoka kama jiwe lililorushwa. Alikuwa dume, rangi ya kutu, sikio moja limechanika, mwembamba kiasi cha kuonekana mbavu zikihesabika, na macho yake yalipita juu yetu sote yakitafuta anga. Faki alimdaka kwa shingo. Yakafanywa yaliyofanywa na kila mtu wakati ule paka alipohamishwa: Zuwena aliupima mkia wake kwa ukindu mmoja, akaukata ukindu kwa urefu ule, akaufukia jikoni chini ya figa, ili mkia usiende mbali na moto wa nyumba. Kisha nyayo zake zikapakwa mafuta ya nazi. "Akiziramba atakuwa ameionja nyumba," Bi Nuru alinieleza, kwa upole wa mwalimu. "Aliyeonja nyumba hatoki." Halafu akakaa sawa kwenye kiti, akaikusanya miguu yake, akaniambia lile neno ambalo mwaka wangu wote ulining'inia juu yake.

"Huyu nakupa weye. Mfundishe kukaa ndani. Paka akiutoka mlango huu, nawe utautoka. Akikaa, utakaa mpaka mtihani wako uishe. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi."

"Sema tena, Faki awe shahidi."

"Nimesikia, Bi," nikasema, na Faki akacheka, akiufunga ugwe kwenye baiskeli yake.

Tulimfungia stoo. Kamba ya usumba shingoni, upande wa pili kwenye tendegu la kitanda kibovu kilichokuwa mle. Siku za mwanzo hakula, alilia. Sijapata kusikia mnyama akilia vile tangu hapo. Haikuwa sauti ya paka, ilikuwa kama mlango wa chuma unaosukumwa taratibu. Alijivuta mpaka kamba ikamla manyoya shingoni, pakabaki mduara mwekundu. Nilimwambia Bi Nuru, kwa sauti ya kujificha, kwamba kwenye chuo cha Kurani tulisomeshwa habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga. Alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Umesomeshwa vibaya, au umesikiliza nusu. Yule alimfunga akamnyima chakula, wala hakumwacha akajitafutia. Miye namfunga nampa. Kila siku bakuli lake lijae, kabla ya sisi kula. Ukipitiwa siku moja, dhambi ni yako, miye nishasema." Akautupa mzizi wa mchicha karaini. "Dini ina mipaka yake, Eka Tatu. Mtu akiijua mipaka hapati shida."

Na kweli bakuli lilijaa. Mwaka ambao watu walikuwa wakipika maganda ya ndizi, paka wa Bi Nuru alikula vichwa vya changu vilivyochemshwa na wali wa tui uliobaki kwenye sufuria. Mimi nilikula baada yake, muhogo wa chukuchuku, wa maji na chumvi tu, uliotoka kwa baba yangu, na harufu ya bakuli lake ikinijia usoni.

Nilimzoesha kwa namna niliyoigundua mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyenifundisha. Nilihamia stoo na vitabu vyangu. Mlango ukiwa wazi mwanga wa ua uliingia vya kutosha, nami nilikaa kwenye gunia tupu, nimempa mgongo, nikisoma kwa sauti: majina ya mito, tarehe za vita vya watu wengine, kanuni za hesabu. Niligundua kwamba nikimtazama hali, nisipomtazama anakula. Nilimwekea majivu kwenye karai lililotoboka, akajifunza kuyatumia kabla ya kitu chochote kingine, na nakumbuka niliona fahari siku hiyo, kana kwamba ni mimi niliyefaulu. Nilimpangia magunia mawili pembeni ili apate mahali pa kujificha, maana nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kiumbe akikosa mahali pa kujificha hawezi kupapenda mahali. Mimi sikuwa na mahali pa namna hiyo katika nyumba ile ila palepale karibu yake. Baada ya muda aliacha kulia. Baada ya muda mwingine nilihisi kitu cha moto kikiegemea mgongoni mwangu nikisoma, nikaendelea kusoma, nikilirudia jina la mto mmoja mara mbili.

Kamba ikafunguliwa. Akapewa stoo, kisha jiko, kisha ukumbi. Zuwena, ambaye alikuwa na ulimi usiolala, alimpa jina la Mwenyekiti, kama mkubwa wa tawi la chama, kwa kuwa alipenda kukalia viti na hakufanya kazi mbele za watu. "Mwenyekiti kaamka," alikuwa akinong'ona. "Mwenyekiti anakagua." Siku moja alilisema kwa nguvu, dirisha likiwa wazi na watu wakipita njiani, na Bi Nuru akamzaba kofi la mdomo papo hapo, kisha akaendelea na uradi wake wa tasbihi pale alipoachia. Midomo ya Zuwena ilivimba. Ulikuwa mwaka wa namna hiyo. Watu walichapwa hadharani kwa maneno madogo kuliko lile.

Lakini Mwenyekiti alikuwa na kucha, na kucha zikapanda kiti cha marehemu. Bi Nuru aliona mistari kwenye mbao asubuhi moja, akaipitishia kidole mmoja mmoja. "Mkasi," alisema. Nilimshika mimi, nimemviringa katika kanga kuukuu, akinitazama bila kupigana kwa kuwa alishanizoea, na Zuwena alikata kwa mkasi wa kushonea. Hakujua pa kuishia. Alikata mpaka kwenye nyama. Kanga ilipata madoa madogo, mengi, kama maua ya pambo. "Mbona yu kimya?" Zuwena aliuliza. "Amekuamini huyu." Akacheka, akafuta mkasi kwenye paja lake, akashika mguu wa pili.

Ukabaki mlango. Kila mlango wa mbele ulipofunguliwa, masikio yake yalisimama. Bi Nuru akaniagiza nitwange pilipili mbichi, niichanganye na maji, niipake kizingiti kila asubuhi kwa kitambaa. Paka alikanyaga na vidole vyake vilivyokuwa havijapona. Akarudi nyuma akiviramba, ulimi ukawaka, akakimbia huku na huku akigonga kuta, akaishia mapajani mwangu, akichimba kwapani kana kwamba huko hakuna pilipili. Mikono yangu ilikuwa ikiwaka vilevile. Haikuchukua muda mrefu. Baadaye mlango ungeweza kuachwa wazi mchana kutwa, kuku wa jirani wapite, samaki wapite kwenye baiskeli ya Faki, naye amekaa katikati ya ukumbi, miguu imekunjwa chini ya kifua, akiitazama njia kama picha ya ukutani. Wageni walishangaa. "Paka wa dikoni huyu? Umemfanyaje, Bi Nuru?" Naye alijibu, "Muulizeni Eka Tatu. Kumbe wana akili ya kufundisha." Nilijisikia vizuri. Sina haja ya kusema vingine. Mtu aliyekaa mwaka bila kusifiwa hujenga nyumba juu ya sifa moja.

Siku moja nilikuwa nikiosha vyombo uani, wao wako jikoni na seredani ya makaa baina yao, wakikaanga dagaa. Hawakujali kama nasikia. Nadhani kwao nilikuwa sawa na ndoo.

"Mtihani umekaribia," alisema Zuwena. "Mwalimu wake kanambia hana mwenzake darasani. Akifaulu je?"

"Akifaulu atakuwa mwalimu. Au karani."

"Na kisha?"

"Na kisha siku moja atakuja kunisalimia, nami itanipasa nimpishe kiti." Dagaa zikalia mafutani. "Shamba nilinyang'anywa na serikali. Sina la kufanya. Kiti sijanyang'anywa na mtu."

"Si ulimpa ahadi, mama, mbele ya Faki?"

"Nilimpa. Na miye ahadi sivunji."

Hayo maneno ya mwisho niliyachukua, nikaenda nayo kulala, nikayafurahia. Bi Nuru hakuwahi kuvunja ahadi. Hilo lilijulikana mji mzima.

Panya walirudi. Hawakuwa wameondoka, nadhani, walikuwa wakingoja kumjua vizuri adui yao. Nilikuwa nimesimama stoo na taa ya kibatari, Zuwena nyuma yangu, tulipomwona mmoja mkubwa amekaa juu ya kikapu cha mchele akila kwa utulivu, na Mwenyekiti amelala kwenye gunia lake hatua chache pembeni, macho wazi, akimtazama panya kama anavyomtazama mgeni. Tumbo lake lilikuwa limejaa. Nilimsukuma. Aliinuka kwa ajili yangu tu, akaenda, akamgusa yule panya kwa mguu ambao kucha zake zilikatwa kila zilipoota. Panya akamng'ata pua. Paka akarudi kwangu mbio, akajificha katika kanga yangu. Zuwena alikaa chini kwa kucheka, akicheka mpaka machozi. Kisha akaenda kumwambia mama yake.

Bi Nuru alikuja mwenyewe, akalitazama shimo kwenye kikapu, akamtazama paka, akatikisa kichwa pole pole kwa masikitiko ya mtu mwenye haki. "Nilikupa mwindaji," aliniambia. "Umenirudishia mwari." Nilitaka kusema kwamba ni yeye aliyeamuru bakuli lijae, kwamba ni binti yake aliyekata kucha. Nikasema, "Nisamehe, Bi." Wiki ile walimu walikuwa wakitugawia madawati ya kukalia siku ya mtihani, nami nilikuwa nimepewa la mbele.

"Mtoe," alisema. "Paka hauawi, damu yake ina deni zito. Mrudishe dikoni alikotoka. Kuna riziki ya Mungu kule."

Paka hakuvuka kizingiti mwenyewe. Nilimbeba. Tulipofika njiani alinipandia begani, akaingiza uso nyuma ya sikio langu, na akabaki hapo njia nzima ya Wesha, akitetemeka kila gari lilipopita. Dikoni mnada ulikuwa umekwisha. Matumbo ya samaki yalikuwa yametupwa kwenye mchanga uliolowa, na paka wa pale, wale ndugu zake, walikuwa wakiyavuta huku na huku. Nilimweka chini. Alikaa. Alikunja miguu chini ya kifua, akanitazama, akingoja nigeuke nyuma ili ale, kama tulivyokuwa tumezoeana. Hapakuwa na bakuli. Dume moja jeusi lilimjia, likamnusa, likamrukia, naye alilala ubavu, akainua mguu wake mtupu. Faki alikuwa akiosha vikapu. Alimtambua kwa sikio lake.

"Mmemfanya nini huyu?" aliuliza. "Angekuwa kipofu angepata nafuu."

Nilirudi peke yangu. Nilikuta baiskeli ya mtu imeegemezwa barazani, na ukumbini, kwenye ukingo wa busati, baba yangu amekaa, kofia mkononi. Alikuwa ameitwa. Ameitwa kabla sijatumwa dikoni. Hilo nililielewa papo hapo, kwa kuwa kutoka Kengeja si safari ya kukurupuka. Mbele yake palikuwa na chai ya maziwa na mkate wa kumimina, chakula nilichokuwa sijakionja katika nyumba ile ila siku ya Idi. Kikoba changu cha nguo kilikuwa kimefungwa tayari, vizuri, na juu yake kanga mpya ya zawadi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Bi Nuru kanieleza. Kasema mmepatana."

"Mtihani ni wiki ijayo, baba."

Baba alimtazama Bi Nuru. Alikuwa na mikono mikubwa, na kikombe kilipotea ndani yake. Angeweza kusema neno. Wakati ule ndiye aliyekuwa na ardhi, ndiye aliyekuwa na serikali nyuma yake. Ingetosha apite tawini aseme jina la Bi Nuru, na nyumba ile ingetikisika. Aliikunja kofia yake.

"Tulipatana na mtoto mbele ya shahidi," Bi Nuru alisema, kwa sauti ya chini na nzuri. "Paka akitoka, naye atatoka. Paka katoka. Miye si mtu wa kugeuza neno, baba Riziki. Ukitaka muulize Faki."

"Ulimtoa wewe," nikasema.

"Nani aliyembeba?"

Zuwena alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Aliangalia sakafu. Bi Nuru alimsogezea baba yangu kipande kingine cha mkate, akamwambia ale, safari ni ndefu, na baba alikula. Alikula chote, kwa adabu, akikusanya makombo kwa ncha ya kidole ili asichafue busati, na yule mwanamke alimtazama kila tonge likishuka. Nimewahi kuona watu wakipata starehe katika maisha yangu, kwenye harusi, kwenye vitanda vya uzazi. Sijaona uso uliotulia kama ule.

Tulisimama. Baba alivaa kofia, akaivua tena, akainama kiasi, kama alivyokuwa akiinama zamani shambani, kabla ya ardhi kuwa yake. "Ahsante, Bi," alisema, "kwa kunilelea mwanangu. Mungu atakulipa." Bi Nuru aliitikia amina. Alitufuata mpaka kwenye kizingiti, akanipangusa kitu begani, unyoya wa rangi ya kutu, akaupuliza. Nilishuka ngazi za baraza nikiwa nimekishika kikoba kwa mikono miwili. Njiani watoto wa skuli walikuwa wakirudi makwao, mmoja akaniita, sikugeuka. Baba ndiye aliyegeuka, ili ashukuru mara ya pili, maana aliogopa ya kwanza haikusikika vizuri. Akaishukuru mbao, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafungwa.